Kiazi kitamu kikimwingia mtu: neno ‘encamotado’ na mipaka linayovuka

DESAGUADERO ni mji mmoja wenye serikali mbili. Upande mmoja ni Peru, upande wa pili ni Bolivia, na katikati unapita mto unaotoa maji ya Ziwa Titicaca. Jina lenyewe la mji kwa Kihispania lina maana ya mahali maji yanapotokea. Uko juu sana, karibu mita 3,800 kutoka usawa wa bahari, na mgeni hupumua kwa shida kabla hata hajabeba kitu. Siku za gulio daraja hujaa baiskeli za magurudumu matatu zilizopakiwa magunia, maboksi na majora ya vitambaa kwenda huku na huko. Mtu wa Busia, Namanga au Kasumbalesa angefika pale asijue lugha, lakini shughuli angeielewa.

Lugha za pale ni Kihispania na Kiaymara, na zote mbili ziko pande zote mbili za daraja. Basi katika soko la namna hiyo, kijana wa baiskeli akianza kupita kila saa mbele ya meza ya binti mmoja, akisimama kuuliza bei ya vitu asivyovihitaji na kusahau chenji yake, wenzake hawamwachi. Humwambia: “Estás encamotado.” Wote hucheka, naye hukana.

Neno hilo halipo katika vitabu vingi vya kujifunzia Kihispania, vinavyomfundisha mwanafunzi “enamorado”, yaani aliyependa, aliyezama katika mapenzi. “Enamorado” ni sahihi kila mahali, kuanzia Madrid hadi Buenos Aires, lakini lina uzito. Mtu akilitamka amekwisha kukiri jambo. “Encamotado” ni jepesi na la mitaani, lenye utani ndani yake. Humwelezea mtu aliyevutwa na mwenzake hadi akili ikahama kidogo, hali ambayo inaweza kuishia kwenye ndoa au ikapoa wiki ijayo. Peru ndiko linakosikika sana, na majirani zake, kama Ecuador, Bolivia na Chile, wanalijua.

Ndani ya neno hilo kuna kiazi kitamu, na hapo ndipo msomaji wetu atakapolipenda. “Camote” ni kiazi kitamu. Ukiweka “en-” mbele na “-ado” nyuma, unapata mtu aliyetiwa kiazi, au tuseme aliyeingiwa na kiazi. Vilevile mtu anaweza kusemwa kuwa “ana camote” na fulani, maana yake amempenda, na kitenzi chake ni “encamotarse”. Bongo akiitwa mtu kiazi hajasifiwa. Maana yake kichwa hakifanyi kazi. Watu wa Andes wanasema karibu jambo hilohilo, ila wao wanaeleza pia kilichokizuia kichwa kufanya kazi.

Safari ya kiazi

Neno “camote” halikuzaliwa Peru. Limetoka katika Kinahuatl, lugha ya Waazteki wa Mexico, ambao zao hilo waliliita “camohtli”. Wahispania walilichukua na kushuka nalo kusini, hadi katika nchi ambazo tayari zilikuwa na viazi vitamu na majina yake. Huko nyuma, kwenye visiwa vya Karibi, walikuwa wamekwisha kuokota jina jingine kutoka kwa Wataino: “batata”. Kwa hiyo hadi leo Mperu anasema “camote”, Muargentina anasema “batata”, na Mcuba anasema “boniato”. Wote watatu wanazungumza Kihispania na wote wanataja kitu kimoja.

Hilo la “batata” linafika hadi kwetu. Wareno nao walilibeba neno hilo, lakini kwao likahamia kwenye kiazi cha mviringo, na hivyo ndivyo Zanzibar na Mombasa zilivyopata “mbatata”. Anayekula mbatata za rojo Forodhani anatumia neno la Karibi la kiazi kitamu kutajia kiazi kingine kabisa, kilichotoka milima ya Andes. Mfanyabiashara wa Mtwara anayevuka Ruvuma akaagizwa “batata” na mteja wa Msumbiji ana sababu ya kuuliza mara mbili: akimaanisha kiazi kitamu, mteja huyo atasema “batata-doce”. Muargentina akiandika “batata” tu, anataka kitamu. Herufi ni zilezile, na gunia litakaloshushwa ni jingine.

Kwa upande wa viazi vyenyewe, deni la Afrika Mashariki kwa Peru si la maneno tu. Kituo cha Kimataifa cha Viazi, kilichoanzishwa mwaka 1971, kina makao makuu jijini Lima na hutunza mbegu za viazi mviringo na viazi vitamu kutoka kila pembe ya dunia. Mwaka 2016, Tuzo ya Chakula ya Dunia ilikwenda kwa watu wanne kwa kazi ya kuongeza virutubisho katika mazao. Watatu kati yao, Robert Mwanga wa Uganda, Maria Andrade wa Cape Verde na Jan Low wa Marekani, walikuwa wa kituo hicho, na kazi yao ilikuwa viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa vyenye vitamini A ambavyo sasa vinauzwa katika masoko mengi ya ukanda huu. Mganda amesaidia kukifanya kiazi cha Waamerika kiwe bora zaidi. Neno la mapenzi lililotokana na kiazi hicho halijatufikia bado.

Huko Peru kwenyewe kiazi hicho hakikosekani mezani. Kipande cha camote kilichochemshwa hukaa pembeni ya sahani ya ceviche, samaki mbichi aliyeiviwa na maji ya ndimu, na utamu wake hupoza ukali wa ndimu na pilipili. Asubuhi vipande vilivyokaangwa hutiwa ndani ya mkate pamoja na nyama ya nguruwe. Hapo hakuna fumbo. Kitu kitamu, laini, kinachopatikana kila siku sokoni kikageuzwa kuwa jina la kupenda, kama Mswahili anavyomwita mpenzi wake asali.

Namna ya kulitumia

Msemaji wa Kiswahili anaanza akiwa na faida mbili. Kwanza, mkazo wa neno uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama katika Kiswahili: enkamoTAdo. Pili, mtu aliyezoea kusema mtu mzuri, watu wazuri na kiti kizuri hashangai kuambiwa kwamba kivumishi hubadilika kufuata nomino. Tofauti ni kwamba mabadiliko yako mwishoni: mwanamume ni “encamotado”, mwanamke “encamotada”, wanaume “encamotados”, wanawake “encamotadas”. Kundi la wanawake kumi na mwanamume mmoja huchukua umbo la kiume. Hilo wenyewe wanalibishania siku hizi, na si kazi yetu kuwaamulia.

Ugumu uko kwenye kitenzi “kuwa”. Kihispania kinavyo viwili, “ser” kwa jinsi mtu alivyo na “estar” kwa hali aliyonayo. Aliyeingiwa na kiazi huchukua “estar”: “está encamotado”. Kwa mtu ambaye ni kawaida yake kupenda kila anayemwona, lipo neno jingine, “enamoradizo”, na hilo huchukua “ser”. La kwanza ni kama homa na la pili ni tabia. Mama anayepima mkwe atataka kujua ni lipi kati ya hayo mawili.

Halafu kuna kile kineno kidogo kinachofuata. Mhispania hapendi “na” mtu, ni “enamorado de” fulani. Kwa “encamotado” watu husema “de” au “con”, na hakuna atakayekusahihisha. Nchini Hispania, ambako camote haliko midomoni mwa watu, husema “colado por”. Neno hilo, likitafsiriwa moja kwa moja, ni aliyechujwa, kama chai inavyopita kwenye kichujio. Kwa nini mpenzi awe chai, hilo waulizwe wao.

Hapo inaonekana jinsi lugha moja inavyofanya kazi katika nchi nyingi. Kihispania ni lugha rasmi katika nchi 20, na watu karibu milioni 500 walizaliwa nacho. Katika jambo hili moja la mtu kumtamani mwenzake hadi kuchanganyikiwa, kila mpaka una neno lake. Colombia aliyependa sana ni “tragado”, yaani aliyemezwa. Puerto Rico ni “enchulado”. Mexico ni “clavado”, aliyepigiliwa kama msumari. Peru, mbali na kiazi, wana “templado”, na hili ni la kuangaliwa kwa makini, kwa sababu kwingineko “templado” ni vuguvugu, hali ya hewa isiyo baridi wala joto. Mtu akitoka nchi hizo akaambiwa Lima kwamba binti ni “templada” wake, anaweza kudhani amekataliwa kwa upole.

Neno hilohilo liko kwenye kila meza ya vifaa vya simu. “Vidrio templado” ni kioo kigumu cha kubandika juu ya skrini, kile kile kinachouzwa Kariakoo na barabara ya Luthuli. Hapo si mapenzi tena, ni kioo kilichoimarishwa ili kiwe kigumu.

Lakini linalomhusu zaidi mtu wa biashara ni msumari. “Clavar” ni kupigilia. Mmexico akisema “estoy clavado”, moyo wake umekwama kwa mtu. Mhispania akitoka dukani akasema “me han clavado”, hazungumzii moyo: amepigwa bei ya kumchoma. Na Muargentina akiita bidhaa “clavo”, anazungumzia mzigo uliokaa dukani bila kutoka, ule ambao kila mwenye duka anao na hapendi kuulizwa. Mtu anayesikiliza mazungumzo ya bei akiwa amejifunza maana moja tu ya msumari huo anaweza kutabasamu pale ambapo alipaswa kuondoka.

Zipo pia tofauti zinazogusa heshima ya mtu. Nchini Hispania “novio” ni mpenzi tu, hata wa miezi miwili. Peru na Ecuador, mpenzi wa namna hiyo huitwa “enamorado”, kile kivumishi cha awali kikiwa kimegeuzwa nomino, na “novio” ni mchumba, ambaye familia zimekwisha kusikia habari zake. Kijana wa Madrid akimtambulisha binti wa Lima kama “novia” wake mbele ya wazazi, yeye amesema jambo dogo, nao wamesikia jambo kubwa. Chile wao wana “pololo”, jina ambalo pia ni la mdudu arukaye, na hawaoni haya.

Wenyewe waliamuaje

Watu wa Kihispania walikaa muda mrefu na shaka kuhusu maneno kama hayo. Chuo chao cha lugha, Real Academia Española, kilianzishwa Madrid mwaka 1713, na kwa vizazi vingi Kihispania cha Amerika kilionekana kama mtoto wa nje. Leo mambo ni tofauti. Kamusi ya chuo hicho huandika maneno ya nchi za Amerika pamoja na alama ya nchi yanakotumika, na mwaka 2010 muungano wa vyuo vya lugha ulitoa kamusi nzima ya maneno ya Amerika peke yake. Haisemi kwamba Mperu amekosea. Inasema: hapa wanasema hivi, pale wanasema vile.

Kiswahili kiko katika hali hiyohiyo, na sasa kinavuka mipaka mingi kuliko zamani. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 ikiwa na mamilioni ya watu wanaozungumza Kiswahili chao. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iko Zanzibar. Na katika jambo hili la kuvutwa na mtu, hatujapungukiwa. Dar es Salaam aliyependa amekufa ameoza, amedata au amepagawa, na hili la mwisho limetoka kwa wenye mashetani. Nairobi mtu anakuzimia, na hakuna anayeita gari la wagonjwa. Pwani bado yupo anayesema amepatwa na ashiki. Ukichukua maneno hayo ukamsomea mtu wa Bukavu au Bujumbura aliyejifunza Kiswahili sokoni, mengi atayapokea kama habari za msiba.

Hilo ni la kuchekesha likiwa la mapenzi. Likihamia kwenye mzigo halichekeshi. Cheti rahisi cha uasili cha bidhaa, kinachomsaidia mfanyabiashara mdogo mwenye mzigo usiozidi dola 2,000, hutaka bidhaa itajwe kwa jina. Viazi peke yake havitoshi: ni viazi mviringo, viazi ulaya, mbatata au waru? Ni viazi vitamu, lumonde au ibijumbu? Kamusi ya biashara ya mipakani, yenye alama za nchi kama ile ya Wahispania, ingemfaa mchuuzi kuliko mijadala ya nani anazungumza Kiswahili sanifu. Maneno yapo tayari. Yako midomoni mwa mawakala wa forodha, wapakiaji na wauza mboga. Kinachotakiwa ni kuyaandika na kusema yanatoka wapi.

Ukikutana nao

Mfanyabiashara wa ukanda huu hakai mbali na Kihispania kama anavyodhani. Guinea ya Ikweta ni nchi ya Afrika na Kihispania ni lugha yake rasmi. Katika jiji la Yiwu, China, wanunuzi kutoka Amerika ya Kusini hupita katika korido zilezile anazopita mnunuzi wa Kampala au Dar es Salaam. Mtu akitaka kujitambulisha kwa adabu, neno la kwanza atakalolihitaji nalo ni la kuvutwa: “encantado”. Asili yake ni aliyerogwa, aliyetiwa uchawi, lakini limetumika hadi uchawi ukaisha. Leo ni “nimefurahi kukufahamu” tu. Linamfuata anayesema, si anayeambiwa. Mwanamke husema “encantada” hata kama anamsalimia mwanamume.

Kosa linalowapata wengi linatokana na Kiingereza. Anayetaka kusema kwamba ana hamu kubwa ya biashara fulani, akachukua neno la Kiingereza na kulivisha sauti ya Kihispania, hupata “excitado” au “excitada”, na masikioni mwa wengi hilo ni la chumbani. Linalotakiwa ni “ilusionado”, au katika nchi nyingi za Amerika, “emocionado”. Vivyo hivyo kwa joto. Chumba kikiwa na joto, asiseme “estoy caliente”, kwa sababu atakuwa ametangaza hamu ya mwili. Mswahili anayefuata lugha yake mwenyewe hataanguka hapo: sisi husema nina joto, nina njaa, nina kiu, nina haraka, na wao husema vilevile, “tengo calor”, “tengo hambre”, “tengo sed”, “tengo prisa”. Ni bahati isiyotangazwa. Tafsiri kutoka Kiswahili moja kwa moja, usipitie London.

Mzigo nao una neno lake. Bei inayovutia ni “tentadora”, na mkataba ambao kila mtu anaumezea mate huitwa “goloso”. Neno hilo hilo humwelezea mtu mroho wa vitu vitamu. Likisemwa juu ya soko ni sifa, na likisemwa juu ya mnunuzi, inategemea ameketi nani mezani.

Lililo zito zaidi ni la wanawake, ambao ni wengi miongoni mwa wachuuzi wa mipakani huko Andes kama ilivyo kwetu. Katika masoko ya Colombia na visiwa vya Karibi, muuzaji humwita mteja “mi amor”, mpenzi wangu, na hakuna penzi hapo. Ni kama “dada karibu”. Peru na Bolivia neno la soko ni “casera” au “casero”, na muuzaji na mnunuzi huitana hivyo wote wawili, kama Nairobi na Kampala wanavyoitana “kastama” pande zote za meza. Nyongeza anayopewa mteja mzuri huitwa “yapa”, neno la Kiquechua. Mambo hayo ni ya kawaida na mtu hana sababu ya kuyaogopa.

Lakini afisa mwenye mhuri mkononi akimwambia mchuuzi “estoy encamotado de ti”, neno limebadilika. Kwa kijana wa baiskeli lilikuwa utani wa wenzake juu yake. Sasa ni mtu mwenye madaraka anayelitumia kwa mtu anayesubiri karatasi. Utani uliomo ndani ya kiazi ndio unaompa nafasi ya kusema baadaye kwamba alikuwa akicheka tu. Dalili nyingine ni ile “ti”. Kihispania kina namna mbili za kumwita mtu, “tú” kwa aliye karibu na “usted” kwa heshima, na afisa aliyeanza na “usted” kisha akahamia “tú” bila kuombwa amepiga hatua kuelekea kwa mchuuzi.

Mwanamke anayetaka kumrudisha alikotoka hubaki na “usted” na “señor” yake, sentensi baada ya sentensi, na kuuliza tena kuhusu karatasi. Wanawake wa Tanzania wanaijua mbinu hiyo kwa jina jingine. Mwanamume akianza maneno dirishani, huinamisha kichwa kidogo na kumwamkia: shikamoo. Asiyetaka kuwa baba hana la kufanya ila kuitikia marahaba na kugonga mhuri.